Mfahamu Bertha Benz, mama aliyewapeleka wanawe likizo kwa gari mwaka 1888

Baada ya kipindi chetu cha safari za likizo, msikilizaji mmoja anayesoma Ujerumani alituandikia ombi. Mama yake anakwenda kumtembelea mwezi Agosti, naye amepanga kukodi gari kwa siku tatu. Anataka kumzungusha mama kwenye mashamba ya mizabibu, vijiji na miji ya kale, badala ya kumkimbiza kwenye barabara kuu ambako hataona kitu zaidi ya migongo ya malori. Aanzie wapi?

Tulimjibu kwa jina la mtu: Bertha Benz. Safari aliyoifanya mama huyu kusini-magharibi mwa Ujerumani sasa ni njia rasmi ya utalii, ina vibao, na unaweza kusimama pale aliposimama yeye kuomba maji au kutafuta fundi. Lakini ukiipita njia hiyo bila kumjua mwenyewe, ni kama kupewa albamu ya harusi ya watu usiowafahamu. Kwa hiyo tunaanza na maisha yake, na mambo ya safari tutayachomeka kila tunapofika mahali pake.

Binti wa Pforzheim

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, akiitwa Bertha Ringer. Pforzheim ni mji wa masonara, hadi leo Wajerumani huuita mji wa dhahabu, na uko ukingoni mwa ule msitu mkubwa wa milimani unaojulikana kama Msitu Mweusi. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Pforzheim ilikuwa sehemu ya dola ndogo ya Baden.

Baba yake alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa, na nyumba yao ilikuwa na watoto tisa. Inasimuliwa kwamba siku moja Bertha, akiwa bado msichana mdogo, alifungua Biblia ya familia, mahali ambapo wazazi huandika tarehe za kuzaliwa watoto wao. Kwenye mstari wake akakuta baba ameandika kwa masikitiko kwamba amezaliwa tena mtoto wa kike. Ikiwa ni kweli, basi mtoto huyo alijua mapema kabisa alivyopokelewa duniani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu litarudi mara kwa mara katika maisha yake, ingawa baadaye waliomwekea mipaka hawakuwa wazazi wake bali sheria za nchi.

Alisoma shule ya wasichana, na anakumbukwa kama mtoto aliyependa kujua mashine zinavyofanya kazi. Chuo kikuu kilikuwa nje ya uwezekano. Baden ilianza kuwaruhusu wanawake kusoma vyuo vikuu kwa haki kamili mwaka 1900, na ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo Ujerumani. Mwaka huo Bertha alikuwa na umri wa miaka 51.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 20, alikwenda matembezi na kikundi cha watu wa mjini kwao. Walipanda gari la farasi kuelekea Maulbronn, kwenye monasteri ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1147. Humo garini alikutana na kijana mhandisi asiye na mali, Carl Benz, ambaye baba yake, dereva wa treni, alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Carl alikuwa na wazo moja tu kichwani: gari lisilovutwa na farasi. Wasichana wengi wangemwona amechanganyikiwa. Bertha alimsikiliza.

(Msafiri wa leo asiiruke Maulbronn. Haimo kwenye vibao vya njia yenyewe, lakini haiko mbali na Pforzheim, na tangu mwaka 1993 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tena ndiko safari hii ilikoanzia hasa, kama tukizihesabu safari za moyo.)

Fedha zake, jina la mumewe

Mwaka 1871 Carl alikuwa na karakana mjini Mannheim pamoja na mshirika aliyeitwa August Ritter. Ushirika ukaharibika na karakana ikawa inakaribia kufa. Bertha, ambaye alikuwa mchumba tu, aliomba apewe mapema sehemu ya mali yake ya ndoa, na fedha hizo zikatumika kumtoa Ritter. Hapa tufafanue kidogo. Hii haikuwa mahari kama tuijuavyo sisi, inayotoka upande wa mwanamume. Ilikuwa mali ambayo wazazi humpa binti yao aingie nayo kwenye nyumba yake mpya.

Walioana Julai 1872. Kwa sheria za wakati ule, mwanamke akishaolewa mamlaka juu ya mali yake yalihamia kwa mume. Kabla ya ndoa Bertha aliweza kuwekeza, na baada ya ndoa hakuweza kutambuliwa kama mwekezaji katika karakana iliyosimama kwa fedha zake mwenyewe. Hakuwa mshirika wala mwenye hisa. Hata hataza ya gari ilipotolewa, jina lake halikuwemo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Madeni yaliongezeka, watoto wakazaliwa (Eugen mwaka 1873, Richard mwaka 1874, kisha Clara na Thilde), na Carl akawa anajenga injini ambazo hazikutaka kuwaka. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 1880, baada ya chakula, Bertha ndiye aliyemhimiza warudi karakanani wakajaribu mara moja zaidi. Injini ikawaka na ikaendelea kunguruma. Familia ilikumbuka kwamba wawili hao walisimama pale wakiisikiliza kwa muda mrefu, na huku nje kengele za mwaka mpya zikaanza kulia.

Tarehe 29 Januari 1886 Carl Benz aliwasilisha ombi la hataza ya gari lake la magurudumu matatu, na tarehe 3 Julai mwaka huo likaonekana hadharani katika mitaa ya Mannheim. Leo tarehe ile ya Januari inachukuliwa kama siku ya kuzaliwa kwa motokaa. Wakati ule haikuwa hivyo. Watu walilishangaa, wakalicheka, na wanunuzi walikuwa wa kutafuta kwa kurunzi. Carl alikuwa fundi hodari lakini mwoga wa kuuza. Kila mara aliona kuna kitu cha kurekebisha kwanza, na gari likaishia kwenye majaribio mafupi ya karibu na nyumbani.

Bertha alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Mali yake ilikuwa imelala ndani ya ile chuma.

Alfajiri ya Agosti

Mwezi Agosti 1888 shule zilikuwa zimefungwa. Bertha, mwenye umri wa miaka 39, aliwaambia wanawe wakubwa, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, kwamba wanakwenda kwa bibi yao Pforzheim. Treni ilikuwepo, lakini yeye alichagua gari.

Inaelezwa kwamba waliondoka alfajiri, Carl akiwa bado amelala, na kwamba walilisukuma gari nje ya karakana ili mngurumo usimwamshe. Waliacha ujumbe kuwa wamekwenda Pforzheim, bila kusema kwa usafiri gani. Tukumbuke kwamba mengi tunayoyajua juu ya siku hiyo yanatokana na kumbukumbu za familia zilizoandikwa miaka mingi baadaye, kikiwemo kitabu cha Carl mwenyewe cha mwaka 1925, na kila anayesimulia huongeza chumvi yake. Hata suala la nani alishika usukani kwa muda mrefu zaidi, mama au Eugen, husimuliwa kwa namna tofauti. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mama huyo na wanawe wawili walikwenda, walifika, na walirudi.

Kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kwa njia waliyopita, ni kilomita kama 104. Ni mwendo wa Dar es Salaam hadi Chalinze hivi. Gari lenyewe lilikuwa na nguvu isiyofikia farasi watatu na mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 16 hivi kwa saa. Halikuwa na tangi la mafuta. Lita nne na nusu zilikaa ndani ya kabureta, basi. Hakukuwa na kituo cha mafuta popote duniani, na barabara zilikuwa za magari ya farasi, mawe na vumbi.

Msafiri wa leo anaanzia hapo hapo Mannheim, mji ambao katikati yake mitaa haina majina bali herufi na namba, kama vyumba vya hoteli. Kisha vibao vinampeleka Ladenburg, mji mdogo wa tangu enzi za Warumi (tutaurudia), na Schriesheim chini ya vilima vya mizabibu, halafu Heidelberg. Hapo Heidelberg tunashauri asiwe na haraka. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1386, na juu ya mji kuna magofu ya kasri lililobomolewa na majeshi ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 17, kisha likapigwa na radi mwaka 1764.

Bertha hakwenda kuangalia magofu. Shida yake ilikuwa maji. Injini ilipoozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani, kwa hiyo kila penye kisima, mto au nyumba ya wageni walisimama na kujaza. Mafuta nayo yakapungua, na walipofika Wiesloch wakaingia kwenye duka la dawa.

Huko duka la dawa waliuza ligroini, kimiminika cha jamii ya petroli ambacho watu walikitumia kutolea madoa kwenye nguo. Mwenye duka, Willi Ockel, aliwauzia, na tangu hapo duka lile linahesabiwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Mnara wa kumbukumbu uko hapo nje. Sisi tulipoisoma habari hii tulicheka, kwa sababu gari letu la matangazo liliwahi kutuzimikia kijijini, geji ikiwa inadanganya, tukaokolewa na dada mmoja wa genge aliyewauzia bodaboda petroli kwa chupa za soda. Tulidhani hiyo ni shida ya kwetu, kumbe ndivyo uuzaji wa mafuta ya gari ulivyoanza.

Mbele zaidi, bomba la mafuta likaziba. Bertha akachomoa pini ya kofia yake akalizibua. Waya wa umeme wa injini ukachubuka na kuanza kugusana na chuma, naye akauzungushia mpira wa kushikilia soksi yake. Mnyororo ulipoleta matatizo, mhunzi wa Bruchsal aliutengeneza. Wasimulizi wengi huyataja haya kama vichekesho vya mama na mapambo yake. Sisi tunaona mtu aliyekuwa akiijua mashine hiyo vizuri. Huwezi kuzibua bomba usilolijua liko wapi.

Baada ya Bruchsal, njia ya leo inapita Weingarten na Grötzingen, ardhi inaanza kuinuka, na hapo msafiri atafurahia mandhari. Bertha na wanawe hawakuifurahia. Gari lilikuwa na gia mbili tu, na kwenye miinuko mikali lilikataa. Richard, mwepesi kuliko wote, aliachwa kwenye usukani, huku mama na Eugen wakishuka kusukuma, na inasemekana wakulima wa karibu nao walitia nguvu. Mteremko ulipokuja, breki za mbao ziliungua na kulika.

Waliingia Pforzheim jua likiwa limezama, wamejaa vumbi na grisi. Bertha akamtumia mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama. Inasimuliwa kwamba Carl, pamoja na mshtuko wote, aliomba minyororo ya gari irudishwe haraka kwa treni, maana aliihitaji kwa gari la maonyesho ya Munich. Fundi ni fundi.

Kurudi kwa njia nyingine

Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa njia tofauti, fupi kidogo, na hapa kuna somo kwa anayepanga likizo: usirudi kwa njia uliyoendea. Katika kijiji cha Bauschlott Bertha alimwendea fundi viatu, akamwambia azigongelee ngozi zile mbao za breki. Hivyo breki zikapata kitu cha kukamata, na wazo hilo la kuvika breki kitu kinacholika badala yake limeendelea mpaka kwenye padi za breki tunazonunua leo. Huo ni uvumbuzi kamili, ingawa haukuandikishwa popote.

Njia hii ya kurudi inapita Bretten, alikozaliwa mwanamageuzi wa Kikristo Philipp Melanchthon mwaka 1497, kisha Hockenheim penye uwanja maarufu wa mbio za magari, halafu Schwetzingen. Kwenye bustani ya kasri la Schwetzingen kuna msikiti wa karne ya 18 wenye minara miwili na maandishi ya Kiarabu. Haukujengwa kwa ajili ya ibada, ulikuwa pambo la bustani ya mtawala, lakini mgeni kutoka pwani yetu atasimama mbele yake kwa muda. Mji huo pia unasifika kwa asparagasi, ila mavuno huisha mwishoni mwa Juni, kwa hiyo msikilizaji wetu na mama yake wataikosa.

Jumla ya kwenda na kurudi ni kilomita 194. Bertha alifika nyumbani na orodha ya marekebisho, na kubwa kuliko yote ni kwamba gari liongezewe gia ya kupandia milima. Carl alikubali. Mwezi uliofuata gari lilipelekwa Munich kwenye maonyesho na kupata medali ya dhahabu. Biashara haikulipuka siku hiyo hiyo, lakini swali kama kitu hiki kinaweza kumfikisha mtu mji mwingine lilikuwa limepata jibu kutoka kwa mama mwenye watoto wawili. Mwaka 1899 kampuni ya Benz ilitengeneza magari 572 na ikawa kubwa kuliko zote duniani katika kazi hiyo.

Ladenburg

Mtoto wao wa tano, Ellen, alizaliwa mwaka 1890. Carl aligombana na wenzake na kujitoa katika uongozi wa kampuni mwaka 1903, na familia ikahamia Ladenburg, ambako mwaka 1906 alianzisha kampuni nyingine pamoja na wanawe. Jengo la kiwanda hicho sasa ni makumbusho ya magari. Kampuni ya zamani iliungana na ile ya Daimler mwaka 1926, na Carl akafariki Ladenburg tarehe 4 Aprili 1929.

Bertha aliishi miaka 15 zaidi. Aliyaona magari yakijaa barabarani, na aliiona vita ya pili ya dunia. Tarehe 3 Mei 1944, siku alipotimiza miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kile ambacho mumewe alisoma, kilimpa cheo cha useneta wa heshima. Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Wanazi na mabomu yalikuwa yakidondoka. Siku mbili baadaye akafariki. Amezikwa Ladenburg pamoja na Carl.

Hakuishi kuona kilichoupata mji wake. Usiku wa tarehe 23 Februari 1945 ndege za Uingereza ziliishambulia Pforzheim, na zaidi ya watu 17,000 waliuawa. Karibu mji wote wa katikati uliteketea. Kwa hiyo atakayefika mwisho wa njia akitarajia nyumba za kale kama alizoziona Ladenburg atashangaa kukuta zege la miaka ya 1950. Vifusi vilipandishwa juu ya kilima cha Wallberg, na ukisimama huko unauona mji mzima chini yako.

Njia ya kumbukumbu ya Bertha Benz ilizinduliwa mwaka 2008. Jina lake liliingizwa mwaka 2016 katika jumba la heshima la watu wa magari nchini Marekani. La Carl lilikuwa humo tangu 1984.

Tulimwandikia msikilizaji wetu mambo machache ya kawaida: leseni ya kimataifa aiandae mapema, akumbuke kuwa huko wanaendesha upande wa kulia, na asiitumie barabara kuu ya A5, kwani itamfikisha Pforzheim kwa saa moja na kidogo bila kuona chochote. Siku ya kwanza alale Heidelberg, ya pili Pforzheim, na ya tatu apite Maulbronn asubuhi kabla ya kurudi kupitia Bretten na Schwetzingen. Amejibu kwamba mama amekubali, ila ameuliza kama njiani kuna duka la dawa, maana ana vidonge vya presha. Tumemwambia Wiesloch lipo.